Binti yangu yuko darasa la 12 hapa Houston, ana orodha ya vyuo 14 na karibu vyote ni vigumu kuingia. Tunapunguzaje?

BabaWawili_Houston – 6 Septemba 2025

Wakuu salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nikieleza nusu mtanishauri nusu.

Tuko watu wanne hapa Houston, Texas. Tuliingia kwa bahati nasibu ya green card mwaka 2012. Mimi naendesha lori, mama watoto ni muuguzi msaidizi kule Texas Medical Center. Kwa mwaka tunaingiza kama dola 78,000, ovataimu ikiwemo. Binti yetu amemaliza darasa la 11 akiwa wa 19 kati ya wanafunzi 412, na kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, amepata 1470. Anataka uhandisi wa tiba, ule wa kutengeneza vifaa vya hospitali na viungo bandia. Sababu anayo. Bibi yake Muheza alikatwa mguu kwa kisukari, na mguu wa bandia aliopewa ukamchubua mpaka akausukumia uvunguni. Binti alikuwa na miaka 11 tulipokwenda kumwona. Alichuchumaa akauona umelala kule chini ya kitanda na soksi yake, na hadi leo anautaja.

Orodha aliyoniletea ni hii: Harvard, Princeton, Yale, Stanford, MIT, Columbia, Duke, Johns Hopkins, Rice, Vanderbilt, Berkeley, UCLA, UT Austin na Texas A&M. Nilipomuuliza umevipataje, akasema ni vile vinavyotajwa. Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi mwaka 2020 nilimjaza kaka yake majina hayohayo.

Mimi na kaka yake tuliponzwa na tamaa ya jina. Aliomba vyuo saba vikubwa na kimoja cha hapa mjini kwa shingo upande. Vikubwa vitano vikamkataa, kimoja kikamweka kwenye orodha ya kusubiri, na kimoja binafsi cha jimbo la mbali kikampokea. Tulipika pilau, tukapiga simu Tanga usiku wa manane. Barua ya fedha ilipofika ilikuwa na maneno mazuri na tarakimu nyingi, na mimi nikazijumlisha zote kana kwamba ni ruzuku. Kumbe sehemu ilikuwa mkopo wa mtoto, sehemu mkopo wa mzazi, na sehemu kazi atakayoifanya chuoni. Pengo lililobaki kwetu lilikuwa dola 28,000 kwa mwaka. Nilisaini. Baada ya mwaka mmoja alirudi nyumbani, akaanza upya chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, sasa yuko University of Houston na anamaliza Mei. Ni kijana mzuri na hajawahi kunisema. Lakini ule mkopo wa mwaka mmoja naulipa mpaka leo, na kila mwezi nikiulipa nakumbuka lile pilau.

Kwa hiyo safari hii nimekaa na karatasi. Nimejifunza kwamba kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, akiba, kinakupa makadirio ya utakachotoa mfukoni. Nilikesha Jumamosi mbili nikiviingiza vyote. Matokeo yalinigeuza kichwa. Berkeley, chuo cha umma, ilinipa zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, kwa sababu sisi si wakazi wa California: kuna nyongeza ya mtu wa nje ya jimbo inayozidi dola 37,000, na msaada wa kuifidia hawana. Rice, chuo binafsi ambacho bei yake ya ukutani inatisha, ilinipa kama dola 11,000. UT Austin kama 15,000, kwa sababu kuanzia mwaka huu wa 2025 mfumo wa vyuo vya University of Texas (UT) unafuta ada kwa familia zenye kipato cha hadi dola 100,000, lakini kula na kulala Austin ni juu yako. University of Houston akilala nyumbani, kama 6,000.

Maswali yangu. La kwanza, vyuo vingapi vinatosha? La pili, Rice wana maombi ya mapema ya kujifunga: ukikubaliwa unakwenda, huendi kulinganisha na kwingine. Kwa familia inayohesabu senti, ni busara? La tatu, nimwambieje mtoto kwamba Harvard siyo lazima bila kumvunja moyo?

Naomba kuwasilisha.

Dada_StPaul – 6 Septemba

Shikamoo kaka. Umenitoa machozi na huo mguu.

Nilisoma chuo kidogo Minnesota kwa msaada kamili, na sasa ninasaidia vijana wa kanisani kwetu kuomba, kwa hiyo nitasema ninachokiona kila mwaka. Orodha ya binti ni ya mtu anayepanga nyumba kwa kuanzia paa. Anza chini. Tafuta kwanza vyuo viwili ambavyo una hakika watamchukua, una hakika mtalipa, NA yeye mwenyewe anaweza kuamka pale asubuhi akiwa na furaha. Hilo la tatu watu hulisahau. Wanaweka chuo cha akiba ambacho mtoto anakidharau, halafu Aprili ikifika kinabaki hichohicho na nyumba inakuwa kama msiba.

Texas mna bahati ambayo majimbo mengi hayana. Sheria yenu ya mwaka 1997 inampa nafasi kwenye vyuo vikuu vya umma mwanafunzi aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake. UT Austin wanachukua wachache zaidi, na kwa watakaoingia 2026 ni asilimia 5 ya juu. Wa 19 kati ya 412 ni asilimia 4.6. Kwa hiyo mwanetu ameingia, kwa kuponea.

Ila angalia hapa kwa makini. Nafasi hiyo ni ya kuingia CHUONI, siyo ya kuingia uhandisi. Pale Austin kitivo cha uhandisi kinachagua chenyewe. Anaweza kupokelewa UT na asipate fani aliyoomba. Kwa hiyo UT Austin kwa mtu wa uhandisi usiiandike kama chuo cha uhakika. Texas A&M nao wana namna yao: mwaka wa kwanza wote wanaingia uhandisi wa jumla, halafu ndipo wanagombea tawi. Ukiwa na wastani wa 3.75 unapata tawi ulitakalo, chini ya hapo unashindana. Na Johns Hopkins, mabingwa wa uhandisi wa tiba, wanaweza kukupokea chuo na kukunyima fani hiyohiyo. Muulize: ukipokelewa bila fani, bado unakwenda? Jibu lake litafuta majina matatu kabla ya chai.

Mshona_Viatu – 7 Septemba

Mkuu, mimi nitasema tofauti na wengi. Haya mambo ya kuhangaika na majina ya nini? Houston Community College ipo hapo, miaka miwili kwa bei ndogo, kisha anahamia UH au Austin. Shahada ya mwisho inaandikwa jina la chuo alichomalizia. Mwanao wa kwanza amefanya hivyo na anamaliza. Kwa nini wa pili usimpitishe njia iliyokwisha kufanikiwa?

BabaWawili_Houston – 7 Septemba

Ndugu Mshona_Viatu, nakuheshimu na nimelifikiria hilo kwa uzito. Njia hiyo ilituokoa na nitaitetea mbele ya yeyote. Ila kwa huyu nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: vyuo binafsi vyenye ruzuku kubwa vinapokea wachache sana wanaohamia, kwa hiyo mlango huo uko wazi zaidi sasa kuliko baadaye. Ya pili ni kaka yake. Alipoteza karibu mwaka mzima kwa sababu masomo kadhaa ya hisabati na fizikia hayakuhesabiwa alipohama, na uhandisi ni ngazi, ukikosa kipande kimoja unasubiri muhula mzima. Njia yenyewe ni njema. Ila mtu aipite akiwa na mpango wa masomo mkononi tangu siku ya kwanza, na sisi tuliipita tukikimbia moto.

Mkolani_Mwanza – 8 Septemba

Habari wakuu. Mimi niko Mwanza, kijana wangu yuko kidato cha sita, PCM. Na mimi nina ndoto hiyohiyo. Je, hesabu za huyu ndugu zinatuhusu?

Dada_StPaul – 8 Septemba

Mkuu wa Mwanza, hazikuhusu, na ni bora nikuambie mapema usije ukatumia fedha za watu.

Binti wa Houston ana green card, anahesabiwa kama mtu wa ndani. Kijana wako ni mwombaji wa kimataifa. Mfumo wa UT hauwezi kumfutia ada, na vyuo vya umma vya California havitampa kitu. Kwa vyuo vingi binafsi, hata vikubwa kama Stanford, Columbia na Duke, kuomba msaada wa fedha ukiwa mgeni kunapunguza nafasi yako ya kupokelewa, kwa sababu wana mfuko wenye kikomo. Viko vichache ambavyo havitazami mfuko wa mgeni wakati wa kuamua na vikimpokea vinaziba pengo lote: miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na Brown imejiunga kwa walioingia mwaka huu wa 2025. Kwa hiyo jambo la ajabu ni hili: kwa mtoto wa Mwanza asiye na fedha, Harvard inaweza kuwa na maana kwenye orodha kuliko chuo cha kawaida cha Ohio ambacho kitampokea kwa furaha na kumdai dola 45,000. Tazama pia Berea College, Kentucky: hakuna anayelipa ada ya masomo pale, na kila mwanafunzi anafanya kazi. Lakini wageni wanaochukuliwa ni wachache mno.

Ndugu, asiweke maisha rehani kwa hilo. Aombe UDSM na kwingineko na bodi ya mikopo kama kawaida, na hii iwe mkono wa pili. Ofisi ya EducationUSA ya Dar iko chini ya ubalozi wa Marekani, ushauri wake ni bure. Kenya wana KenSAP, tangu 2004 inawaandaa vijana wenye akili na wasio na uwezo. Mtu akikuomba milioni mbili akuhakikishie nafasi, mfungie simu.

Uvira_Abilene – 9 Septemba

Shikamoo baba, shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi darasa la 12, Abilene, Texas. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka tisa, tukafika huku 2018. Nyumbani tuko watu nane, baba na mama wanafanya kazi kiwandani, kwa mwaka ni dola 41,000. Niko wa 6 kwenye darasa la watu 290. Mshauri wa shule ameniambia niende chuo cha karibu tu, na kwamba mkimbizi hawezi kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo. Ni kweli?

BabaWawili_Houston – 9 Septemba

Marahaba mwanangu. SI kweli, na nimeandika kwa herufi kubwa ili usilale na neno hilo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa kujaza FAFSA, hata kabla hajapata green card. Na mkishapata green card ndiyo kabisa.

Dada_StPaul – 9 Septemba

Mdogo wangu, acha kila kitu uingie tovuti ya QuestBridge leo hii, maana mwisho wao ni mwishoni mwa Septemba, wiki tatu tu. Ni mpango wa vijana wenye alama za juu kutoka nyumba za kipato kidogo. Wengi wanaochaguliwa familia zao ziko chini ya dola 65,000 kwa watu wanne, na wewe mko wanane na 41,000. Mtu yeyote anayesoma sekondari ndani ya Marekani anaruhusiwa, uraia wowote. Kuomba ni bure. Ukiingia fainali unapanga hadi vyuo 15 kwa mfuatano, na chuo cha juu kabisa kinachokutaka kinakuchukua kwa msaada wa miaka minne yote: ada, chakula, malazi. Majibu ni tarehe 1 Desemba. Wamo Rice, Yale, Duke, Carleton, Grinnell, vyuo zaidi ya 50. Vingi vinakufunga, kwa hiyo panga tu vile unavyoweza kuishi.

Unahitaji barua za walimu wawili. Wafuate kesho asubuhi, usisubiri wiki ijayo. Na asilimia yako darasani ni 2, kwa hiyo UT Austin unayo tayari mfukoni.

Huyo mshauri usigombane naye. Mpe tarehe zilizoandikwa kwenye karatasi na umwombe akutumie matokeo yako. Washauri wa shule za umma wana wanafunzi mamia, anayekuja na karatasi ndiye anayehudumiwa.

Uvira_Abilene – 9 Septemba

Aksanti sana dada. Nimeshaingia. Nina swali moja la insha. Watu wananiambia niandike kambi, njaa, risasi, kwamba ndiyo wanapenda. Mimi sipendi kuandika hivyo.

Dada_StPaul – 9 Septemba

Basi usiandike. Kwenye insha ya maneno 650 anayesoma anataka kujua unavyofikiri. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023 vyuo haviruhusiwi kupima rangi ya mtu, ila mwombaji anaruhusiwa kueleza maisha yake yalivyomjenga. Watu wakaisikia hiyo kama amri ya kuuza machungu. Mimi niliandika jinsi nilivyokuwa natafsiri barua za umeme kwa mama nikiwa na miaka 12 na nikagundua neno moja la Kiingereza lina adabu mbili tofauti. Unajua nini Nyarugusu ambacho msomaji hajui, na kinakufurahisha kukijua? Anzia hapo.

Uvira_Abilene – 9 Septemba

Nilikuwa natengeneza redio.

Dada_StPaul – 9 Septemba

Umeshaipata insha yako.

Karani_wa_Namba – 11 Septemba

Mzee wa Houston, mimi kazi yangu ni takwimu, naongeza la upande wangu. Kila chuo kinachojiheshimu kinatoa waraka wa kila mwaka uitwao Common Data Set. Andika jina hilo na jina la chuo, utaupata bure. Sehemu ya C inaonyesha wameomba wangapi, wameingia wangapi, alama zao za SAT, na kipi kinapewa uzito: alama za darasani, insha, mahojiano, hata kama wanajali mtu aliyewatembelea. Sehemu ya H inaonyesha wanaziba kiasi gani cha mahitaji ya fedha ya wanafunzi. Kurasa hizo mbili ni bora kuliko orodha zote za magazeti.

Sasa 1470. Kwa Texas A&M ni alama ya kujivunia. Kwa MIT, robo tatu ya walioingia wana zaidi ya 1500, na MIT walirudisha ulazima wa mtihani tangu 2022. Harvard, Yale, Brown na Dartmouth nao wamerudisha. Pale alama itaonekana na itapimwa. California kinyume chake: Berkeley na UCLA hawaangalii SAT kabisa, hata ukiituma. Rice hawalazimishi ila wanapendekeza itumwe. Kuna mtihani Oktoba. Arudie mara moja tu, ajikite kwenye hisabati, akipanda atume, asipopanda mkae mfikirie.

Kuhusu kujifunga mapema. Hofu yako ni sahihi, lakini kuna mlango wa dharura watu hawaujui. Mkataba wa maombi hayo unaosainiwa na mtoto, mzazi na mshauri wa shule unakuachia huru ikiwa msaada wa fedha hautoshi kukuwezesha kusoma. Kwa hiyo kinachofungwa ni nia yako. Anayepaswa kuuogopa ni yule ambaye kikokotoo hakimpi picha nzuri: mwenye biashara yake, wazazi waliotengana, mwenye nyumba ya kupangisha. Wewe na mama mna mishahara ya karatasi. Makadirio yenu hayatakwenda mbali na ukweli.

Ila elewa kitu kimoja. Mpango wa Rice unaofuta gharama zote, pamoja na chakula na malazi, kwa mwaka huu wa 2025 ni kwa kipato cha chini ya dola 75,000. Kati ya 75,000 na 140,000 wanahakikisha ada yote, yanayobaki yanategemea hesabu zao. Wewe uko 78,000.

BabaWawili_Houston – 11 Septemba

Umegusa kidonda, mkuu. Nilipoona hiyo 75,000 nilimwambia mama naacha ovataimu kesho. Kisha nikasoma kwamba kwa mwaka wa masomo 2026/27 wanatazama kodi ya 2024, imeshapita. Zile Jumapili zote nilizokesha barabarani Oklahoma ndizo zimetuvusha mstari.

Na kuna kingine kinaniuma. Kila mwezi tunatuma Muheza na Tanga dola 400, dawa za mama na ada za watoto wa marehemu mdogo wangu. Fomu haina kisanduku cha hilo.

Dada_StPaul – 11 Septemba

FAFSA haina, kweli. Lakini vyuo binafsi kama Rice vinataka pia fomu ya CSS Profile, na ile ina sehemu ya maelezo ya hali maalumu. Andika pale. Weka risiti za kutuma fedha za miezi 12, eleza nani anategemea na kwa nini, lugha ya kawaida bila kulia. Hawalazimiki kukubali. Lakini nimeona maofisa wakibadilisha hesabu kwa barua ya ukurasa mmoja yenye risiti. Familia zetu nyingi zinaona aibu kuandika kwamba zinalea watu Tanga au Kakamega, kana kwamba ni siri ya nyumbani. Ni gharama halali kama bili ya hospitali, iandike.

Na halafu, kabla hamjafunga orodha, ongeza Smith College, Massachusetts. Ni chuo cha wanawake, kina shahada ya uhandisi, cha kwanza cha wanawake nchini kuanzisha hiyo, na tangu 2022 kimeondoa mikopo kwenye msaada wake. Hakitajwi mitaani kwetu. Mabinti wa kutoka kwetu niliowaona wakienda kule wamerudi wakiwa wamenyooka.

BabaWawili_Houston – 14 Septemba

Jana tulikaa mezani, watu wote wanne, simu tukaziweka jikoni. Nilimwambia binti afute mwenyewe, mimi nishike kalamu tu.

Berkeley na UCLA alivifuta kwa sekunde, alipoona tarakimu. Columbia alifuta kwa sababu hakuweza kusema hata jambo moja analolitaka kule ambalo si New York. Vanderbilt vilevile. MIT ilichukua muda. Kaka yake ndiye aliyemuuliza, kwa upole, kama anaitaka au anataka kuambiwa kwamba anaifaa. Alinyamaza sana. Mama akataka kumtetea, nikamshika mkono. Mwisho akasema ifute, nikarudie mtihani kwa ajili ya Hopkins.

Kwa Harvard, Yale, Princeton na Stanford niligundua kitu ambacho hakuna aliyenisemea: ukiomba kimoja kati ya hivyo mapema, kinakuzuia kuomba mapema chuo kingine binafsi. Kwa hiyo huwezi kutupa ndoano Harvard na Rice kwa pamoja Novemba. Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipokuwa, kumbe, siyo kwenye idadi ya vyuo. Ile nafasi ya Novemba ni moja, unampa nani?

Nilimweleza nilichokiona: Harvard wanachukua chini ya watu 5 katika 100, Rice kama 8. Vyote viwili ni vigumu, simdanganyi. Akauliza swali lililonishangaza. "Baba, Rice kuna nini hasa kwa mtu wa miguu ya bandia?" Tukafungua ramani. Rice na Texas Medical Center zimetenganishwa na barabara moja, Main Street. Hospitali anayofanya kazi mama yake iko upande wa pili. Wanafunzi wa uhandisi wa tiba wanavuka kwenda kukutana na wagonjwa wenyewe. Mama akasema, "Mimi nashuka basi pale kila siku tangu 2014 na sijawahi kuingia ile geti."

Princeton ameibakiza kwa Januari, kwa sababu kwa kipato chetu hatungelipa chochote na ameipenda kweli. Harvard, Yale na Stanford amefuta. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza na haikuhitajika, nadhani alichoka kubeba majina ambayo hayakuwa yake.

Mshona_Viatu – 14 Septemba

Nimesoma hii nikiwa dukani, nimesimamisha kazi. Hongera kwa kumwacha ashike mwenyewe. Mzee, hakikisha UH inabaki.

BabaWawili_Houston – 2 Novemba

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi kwa waliouliza pembeni.

Mtihani wa Oktoba amepata 1520, hisabati ndiyo iliyopanda. Orodha ya mwisho ni vyuo vinane. University of Houston, Texas A&M na UT Austin zilitumwa kabla ya tarehe 15 Oktoba. A&M na UH ndiyo msingi wetu, na kwa UH tulimpeleka akashinda siku nzima na kaka yake maabara, akarudi akisema angeweza kukaa pale. Duke, Hopkins, Smith na Princeton insha zake ziko tayari, zitatumwa tu kama Rice watasema hapana. Rice ametuma kwa kujifunga, tarehe 29 Oktoba, siku tatu kabla. Nilisaini mkataba baada ya kuusoma mara mbili, pamoja na kile kipengele cha fedha. Barua ya Muheza na risiti za miezi 12 zimekwenda na CSS Profile. Mama aliiandika yeye, kwa Kiswahili, binti akaitafsiri.

Mwanangu wa Abilene ameniandikia kwamba ameingia fainali ya QuestBridge. Tunakuombea sote hapa.

Rice wana jambo moja la zamani kwenye fomu yao: wanaomba picha moja, ya kitu chochote chenye maana kwako, bila maelezo. Nilidhani atatafuta picha ya ule mguu uvunguni. Alimpigia binamu yake Muheza amtumie picha mpya. Ni kizingiti cha mlango wa bibi asubuhi, jua limeingia hadi ndani, na kandambili moja ya kushoto.

Majibu ni katikati ya Desemba.